Droop hakikuzaliwa na drop

Mwandishi wa makala moja ya wanafunzi anadai kitenzi cha Kiingereza droop ni drop iliyovutwa irabu. Sikubali hata kidogo. Tazama waridi lililokosa maji: shingo imelegea, kichwa kimeinama, lakini kikonyo bado kimeshika shina. Hiyo ndiyo droop, hakuna kilichodondoka. Asili yake ni drúpa, kitenzi cha Kinorsi cha kale cha kuinamisha kichwa, hasa kwa huzuni. Waskandinavia waliolowea Uingereza tangu karne ya 9 waliacha huko pia egg, sky na window. Drop ilikuwa tayari ndani ya Kiingereza cha kale, dropa, yaani tone. Droop na drop ni binamu wa ukoo wa Kijerumaniki, si mzazi na mwana. Anayewaandikia wanafunzi angefungua kwanza kamusi ya asili ya maneno.