Usiache ngano kabla ya kupimwa: ushauri huu una maana gani kwa mkazi wa Nkoma?

Ukishukiwa kuwa na ugonjwa wa siliaki, daktari atakwambia uendelee kula vyakula vya ngano hadi vipimo viishe. Ushauri huu ni sahihi, lakini uliandikwa katika nchi ambazo watu hula mkate kila siku. Nkoma, wilayani Itilima, mambo ni tofauti.

Siliaki ni nini?

Ni ugonjwa ambao kinga ya mwili hushambulia utumbo mwembamba kila mtu anapokula gluteni, yaani protini iliyomo kwenye ngano, shayiri na rai. Vijidole vidogo vinavyofyonza chakula ndani ya utumbo huliwa na kulala bapa. Matokeo yake yanaweza kuwa kuharisha kwa muda mrefu, tumbo kujaa gesi, kupungukiwa damu, kukonda, na mtoto kudumaa. Duniani, takribani mtu 1 kati ya 100 anao.

Uhusiano wake na ngano ulielezwa na daktari wa watoto wa Uholanzi, Willem Dicke. Katika njaa ya 1944 hadi 1945, mkate ulipoadimika, aliona baadhi ya watoto wagonjwa wakipata nafuu.

Kwa nini usiache ngano mapema?

Kipimo cha kwanza ni cha damu, na hutafuta kingamwili zinazotokana na gluteni. Kikionyesha dalili, mtu mzima kwa kawaida hupigwa endoskopi: mpira mwembamba wenye kamera hupitishwa mdomoni na vipande vidogo vya utumbo hukatwa vikachunguzwe. Ukiacha gluteni, kingamwili hushuka na utumbo huanza kupona. Kipimo kinaweza kusema huna ugonjwa, kumbe unao.

Mwongozo wa Uingereza unataka mtu ale gluteni katika zaidi ya mlo mmoja kila siku, kwa angalau wiki 6 kabla ya kupimwa. Kipande kimoja cha mkate kina takribani gramu 2 za gluteni.

Tatizo la Nkoma

Angalia chakula cha kaya nyingi za Usukumani: ugali wa mahindi au mtama, wali, viazi vitamu, michembe, mihogo, dengu, choroko, karanga. Vyote hivi havina gluteni. Ngano huja kama chapati au maandazi, pengine siku ya gulio, sikukuu au pesa ikipatikana.

Kwa hiyo mtu anaweza kufika hospitali akiwa hajala ngano kwa wiki kadhaa bila kukusudia. Swali si "umeacha ngano?" bali "mara ya mwisho ulikula lini, na kiasi gani?" Mwambie daktari ukweli huo kabla ya kutolewa damu. Safari ya rufaa hadi Bariadi au Bugando, Mwanza, ni gharama. Usiitumie kwa kipimo kisichoweza kutoa jibu.

Wakati unasubiri

- Muulize daktari kama ule chapati, mkate au maandazi kila siku, na kwa muda gani.
- Andika unachokula na dalili unazopata.
- Dalili zikizidi sana, rudi kituoni. Usijilazimishe, na usimlazimishe mtoto anayeharisha na kupungua uzito.
- Ukila ngano ukavimba midomo au kubanwa pumzi, hiyo inaweza kuwa mzio. Acha mara moja na uwahi hospitali.

Usisahau magonjwa mengine

Kuharisha na kukonda huku kwetu mara nyingi kuna chanzo kingine: amiba, giardia, minyoo, kichocho, kifua kikuu au VVU. Haya yapimwe pia. Maambukizi ya mara kwa mara kutokana na maji machafu nayo huweza kuharibu utumbo ukaonekana kama wa siliaki, ndiyo maana kipimo kimoja pekee hakitoshi.

Kama chakula chetu hakina ngano, kupima kuna faida gani?

Ipo. Siliaki haina dawa. Tiba ni kuacha gluteni kabisa, maisha yote. Andazi moja la mara kwa mara linatosha kuendeleza madhara, hata usipoumwa tumbo. Mwenye jibu la uhakika atajua aulize kama unga wa uji wa lishe umechanganywa ngano, na kama mashine ilisaga ngano kabla ya mahindi yake. Pia wazazi, ndugu na watoto wake wapimwe, kwa sababu ugonjwa huu hufuata damu.

Habari njema ni kwamba mgonjwa wa Ulaya hununua mikate maalumu kwa bei kubwa, wakati wewe chakula chako kiko shambani. Lakini pata jibu kwanza, ndipo uache.