Saa Moja ya Nani?

Juzi katika mdahalo wa chama chetu, msemaji mmoja alisimama akatuambia ati Kwale si mbali tena, kwa kuwa ndege kutoka Wilson, Nairobi, hufika Ukunda kwa saa moja hivi. Akapigiwa makofi ukumbi mzima. Mimi sikupiga, na hapa nataka kueleza kwa nini.

Hesabu yake si ya uongo. Kutoka Wilson hadi Ukunda, kwa mstari ulionyooka, ni karibu kilomita 450. Kutoka uwanja wa Jomo Kenyatta hadi ule wa Moi, Mombasa, ni kama 420. Ndege huzimaliza kwa saa moja, pengine pungufu. Lakini hiyo ni safari ya ndege, si ya mtu. Ndege hutoka uwanjani ikatua uwanjani. Mtu hutoka kwake akenda kwao.

Agosti 2019, nikiwa shule ya msingi, nyanya yangu alifariki usiku hapa Msambweni. Mjomba, kitinda mimba wake, alikuwa Nairobi. Alfajiri akatafuta ndege ya Ukunda, akakosa nafasi, maana ni msimu wa watalii. Akapata ya Mombasa. Saa tano asubuhi akapiga simu: "Nimeshatua, ningojeni."

Tukashusha pumzi. Kutoka uwanja ule hadi Ukunda, lau mtu angekuwa na mbawa, hazitimii kilomita 30. Ng'ambo ya maji ya Port Reitz ni upande wetu huu huu. Mjomba hana mbawa. Ilimbidi azunguke Changamwe na Makupa, aingie kisiwani, ateremke hadi Likoni. Mlango ule wa bahari upana wake ni kama nusu kilomita tu, lakini foleni ya magari siku hiyo ilikuwa haina mwisho. Alikaa kwenye teksi akitumai, akitumai. Mwishowe akashuka, akajitwika begi, akavuka kwa miguu, kisha akangoja matatu ijae. Kutoka Likoni hadi kwetu ni karibu kilomita 50 nyingine.

Wazee walimngoja hadi baada ya adhuhuri, wakasema maiti hacheleweshwi. Alipofika, saa tisa kasorobo, tulikuwa tumeshatoka makaburini. Hewani saa moja, nchi kavu karibu nne.

Nakubali, mambo yamebadilika. Tangu 2024 mwenye gari hupitia Miritini, akavuka madaraja ya Mwache na Mteza, akatokea Kibundani bila kuiona feri. Haya, na asiye na gari? Wengi wetu ndio hao. Sina ugomvi na uwanja wa Ukunda. Nao ulete wageni, ndugu zetu wapate kazi hotelini. Ila anayetaka kutusogeza karibu na Nairobi aanzie chini: matatu za kupita Dongo Kundu kutoka uwanja wa Moi moja kwa moja hadi Msambweni na Lunga Lunga, zingoje abiria pale pale wanapotokea na mizigo yao.

Na mwalimu wetu wa hesabu akisoma haya, namwomba swali lijalo la mwendo na wakati lisiishie uwanjani. Mjomba mpaka leo, kabla hajauliza bei ya tikiti, hupiga simu kwanza kuuliza: "Feri iko vipi?"