Nyimbo za Jando Zina Historia, Si Dhima Peke Yake

Imekuwa desturi katika idara zetu kwamba mwanafunzi atafitiye nyimbo za jando huanza na dhima na kumalizia na dhima. Wimbo huelimisha, huburudisha, huunganisha jamii. Kisha hutajwa zile hatua tatu za Arnold van Gennep, ambaye kitabu chake kuhusu miviga kilitoka mwaka 1909, na kazi huhesabiwa kuwa imekamilika. Tasnifu ya namna hiyo yaweza kuandikwa juu ya jamii yoyote ile pasipo mtafiti kuondoka maktabani.

Ipo nadharia ambayo ingetufaa zaidi, nayo ni ile ya upekee wa kihistoria. Mwasisi wake, Franz Boas, Mjerumani aliyehamia Marekani, alichapisha makala mwaka 1896 akiwapinga walioamini kwamba jamii zote hupanda ngazi moja kutoka ushenzi hadi ustaarabu. Alishikilia kuwa desturi mbili zinazofanana huenda zimefikia hali hiyo kwa njia mbali kabisa; hivyo basi, kabla ya kuzilinganisha, sharti ijulikane kila moja imetoka wapi.

Natuitazame Lugulu, kando ya barabara itokayo Webuye kwenda Kitale. Wabukusu wa huko hutahiri vijana wao katika miaka ya shufwa, mwezi wa Agosti, na kila kijana huingia katika rika. Majina ya marika ni manane, nayo huzunguka kwa muda wa takriban karne moja: Kolongolo, Kikwameti, Kananachi, Kinyikeu, Nyange, Maina, Chuma na Sawa. Sasa na tuyasikilize ya Wakalenjin: Korongoro, Kipkoimet, Kaplelach, Kimnyige, Nyongi, Maina, Chumo, Sawe. Ajabu iliyoje! Lubukusu ni lugha ya Kibantu, Kikalenjin ni ya Kinailoti. Wamasaaba wa upande wa Uganda, walio ndugu wa karibu wa Wabukusu kwa lugha, nao hutahiri katika miaka ya shufwa, lakini makundi yao huitwa kwa matukio ya wakati wake. Dhima ni ile ile pande zote. Kinachotofautiana ni historia.

Wabukusu wenyewe hawalifichi jambo hili. Masimulizi yao humtaja Mango, aliyeliua joka lililowasumbua watu, kisha akatahiriwa kwa mkono wa majirani wa Kikalenjin. Mwanafunzi wa dhima ataandika kwamba kisa hiki hufunza ushujaa, apite. Wa historia atauliza ni kwa nini shujaa wa Wabukusu alihitaji ngariba mgeni.

Mkono wa Boas, kwa hakika, uliwahi kufika huku. Günter Wagner, aliyekuja Kavirondo ya Kaskazini mwaka 1934, alikuwa amekwisha kukusanya ngano za Wayuchi wa Oklahoma chini ya uongozi wake. Kitabu chake juu ya Wabukusu na Wamaragoli kilitoka kwa juzuu mbili, 1949 na 1956. Ni vijana wangapi wa Bungoma waliokifungua?

Wapo watakaodai kuwa nadharia hii hukusanya tu bila kuhitimisha, na lawama hiyo ina ukweli. Wengine watahofia kwamba itamfanya kila mtu ajifungie katika kabila lake. Hapo sikubaliani nao. Mwaka 1992 Wabukusu na Wasabaoti walipigana na kuuana katika sehemu za Mlima Elgon na Trans Nzoia, kila upande ukijiona kuwa hauna uhusiano na mwingine. Majina ya marika yao yanasema vinginevyo.

Mjuzi wa mambo haya bado yupo, naye ni omuswali wa kumuse, mzee asimuliaye asili ya koo na marika katika matanga. Hasimulii kila siku, wala katika kila msiba. Husubiri afe mzee anayestahili heshima hiyo. Nafasi za kumsikia ni chache, na mtafiti anayefika hapo akiwa na orodha ya dhima tayari mfukoni atarudi na orodha ile ile.