Unene wa Mtoto Mchanga Si Ithibati ya Afya

Mtoto azaliwapo na uzito wa kilo nne na nusu, jamaa hushangilia, na mama husifiwa kwamba ameilea mimba yake vyema. Mkunga mwenye ujuzi hufurahi pamoja nao, lakini hujiuliza: je, mama huyu amepimwa kisukari?

Swali hilo lina msingi katika elimu ya viumbe. Sukari iliyomo katika damu ya mama hupita kwenye kondo la nyuma na kumfikia mtoto tumboni. Insulini ya mama, ambayo kazi yake ni kuipunguza sukari hiyo, haipiti. Kwa hiyo sukari ya mama izidipo, kongosho la mtoto hulazimika kutengeneza insulini yake lenyewe kwa wingi, nayo huunenepesha mwili. Daktari Jørgen Pedersen wa Copenhagen, Denmark, aliyaeleza mambo haya katika mwaka 1952, na utafiti uliofuata umeyaunga mkono.

Mabega ya mtoto wa namna hii huweza kukwama wakati wa kuzaliwa. Kitovu kikatwapo, sukari ya mama hukoma ghafla, ilhali insulini ya mtoto ingali nyingi. Basi sukari yake hushuka, aghalabu katika saa chache za kwanza. Huweza kutetemeka, kulegea, kukataa kunyonya au kupatwa na degedege. Wengine hawaonyeshi dalili yoyote. Upungufu mkubwa ukidumu huweza kuudhuru ubongo. Kadhalika, insulini iliyozidi huchelewesha kukomaa kwa mapafu, hata mtoto mwenye umbo kubwa akapumua kwa shida kama aliyezaliwa kabla ya siku zake.

Wapo wasemao kwamba zahanati zetu zina mizigo mizito zaidi, kama malaria na upungufu wa damu, na kwamba kisukari kingoje zamu yake. Hoja hiyo ina uzito, lakini haitoshi. Sukari ya mtoto hupimwa kwa tone moja la damu. Kinga ya kwanza ni maziwa ya mama katika saa ya kwanza, na kumlaza mtoto kifuani pa mama apate joto. Mambo haya hayahitaji hospitali kubwa. Yahitaji mtu ajuaye kwamba mtoto huyu yumo hatarini.

Naye hawezi kujua ikiwa mama hakupimwa. Utafiti uliotangazwa mwaka 2008, uliohusisha wajawazito zaidi ya 23,000 katika nchi tisa, ulionyesha kwamba hatari huongezeka hatua kwa hatua kadiri sukari ya mama ipandavyo, hata kabla haijafikia kiwango cha kisukari chenyewe. Kungoja dalili, basi, ni kuchelewa. Yafaa kila mjamzito apimwe, na kipimo kirudiwe kati ya wiki ya 24 na ya 28. Mwanamke aliyekuwa na kisukari tangu awali yampasa kuidhibiti sukari kabla ya kushika mimba, kwa kuwa moyo na uti wa mgongo wa mtoto huumbika katika wiki za mwanzo, pengine mama hajatambua kuwa ni mjamzito.

Somo la kondo la nyuma hufundishwa shuleni kwa mchoro ubaoni. Mwalimu akiongeza habari hii, wanafunzi watakaokuwa wazazi kesho wataiuliza kliniki swali lililo sahihi, na mtoto mnene atapimwa kabla ya kushangiliwa.