«Kila Mtu na Maoni Yake»: Neno Linalofunga Mlango



Kuna neno ambalo siku hizi limekuwa kama kufuli. Mabishano yanaanza juu ya simu: betri ipi inadumu, kamera ipi inaona vizuri, mawimbi ya mnara yanadhuru au hayadhuru. Sauti zinapanda, ujumbe unafuatana katika makundi ya WhatsApp hata usiku wa manane. Mwishowe mtu anaulizwa: «Hayo umeyajuaje?» Naye anajibu kwa utulivu: «Kila mtu na maoni yake.» Papo hapo wote wananyamaza, kana kwamba hakimu ametoa hukumu. Ukiwatazama utadhani wamepatana. Kwa kweli hawajapatana juu ya lolote. Wameacha tu kutafuta.

Neno hilo limevaa vazi la heshima, na ndiyo maana ni vigumu kulikataa. Hata hivyo tunathubutu kulikataa, kwa sababu linatumiwa mahali pasipo pake.

Tutenganishe kwanza mambo yanayochanganywa. Mtu akisema kwamba simu nyekundu inampendeza kuliko nyeusi, hayo ni maoni, na hakuna wa kumpinga. Akisema kwamba haifai baba wa familia kununua simu ya dola 500 huku karo ya watoto haijalipwa, hiyo ni hukumu ya dhamiri. Twaweza kuijadili kwa hoja na kusikilizana. Lakini akisema kwamba betri mpya haina budi kuchajiwa kwa muda wa saa 12 kabla ya kutumiwa mara ya kwanza, hajatoa maoni. Ametaja jambo ambalo ama ni kweli ama si kweli, hata pasipokuwa na mtu duniani anayelipenda. Betri haina habari ya maoni yetu.

Tukae kidogo na mfano huu wa betri, kwa kuwa unafundisha. Zamani betri nyingi za vyombo vidogo zilitengenezwa kwa nikeli na kadimi. Zilipochajiwa mara kwa mara kabla ya kuisha, ziliweza kupoteza sehemu ya uwezo wake. Hivyo watu walishauriwa kuziacha ziishe kabisa kwanza. Shauri hilo lilikuwa na msingi. Lakini tangu mwaka 1991, kampuni ya Sony ilipoanza kuuza betri za lithiamu, betri ya namna nyingine ikaingia mikononi mwetu. Hiyo haina ugonjwa ule wa zamani. Kinyume chake, kuiacha ifike sifuri kila siku kunaichosha, na joto kali linaichosha zaidi. Tena simu ya leo yenyewe husimamisha umeme betri inapojaa. Basi anayetuambia tumalize betri hadi simu izimike si mwongo. Amechukua ukweli wa betri moja akaupeleka kwa betri nyingine, na hakuna aliyemwuliza umetoka wapi.

Jambo hili latuhusu sisi kuliko wengi. Mwaka 2019 tuzo ya Nobel ya kemia ilitolewa kwa wataalamu watatu wa betri za lithiamu. Mmoja wao, John Goodenough, mwaka 1980 huko Oxford, alionyesha kwamba kobalti iliyoungana na oksijeni yafaa sana katika betri hizo. Kobalti! Zaidi ya nusu ya kobalti inayochimbwa duniani hutoka katika nchi yetu, hasa upande wa Kolwezi. Watu wetu wanashuka mashimoni kwa ajili ya jiwe hilo, na wengine hawapandi tena. Nasi tunaposhika simu, kinachotushughulisha ni kujua kama iPhone inaishinda Samsung, na tunakimaliza kikao kwa kusema kila mtu na maoni yake. Tumekuwa wageni mbele ya kitu kilichotoka katika udongo wetu.

Tuje kwa mnara na mawimbi yake. Mwaka 2011 shirika la kimataifa la utafiti wa kansa, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliyaweka mawimbi ya redio, pamoja na yale ya simu, katika kundi liitwalo 2B. Ndilo kundi la vitu ambavyo huenda vikaleta kansa, lakini ushahidi wake ni haba. Wako wanaosoma nusu ya sentensi hiyo na kupiga yowe kwamba simu inaua. Hawasemi kwamba katika kundi lile lile zimo mboga za kuchachushwa kwa desturi ya Asia. Wako pia wanaocheka na kusema kwamba wataalamu wameshathibitisha kuwa hakuna hatari yoyote; nao vilevile wameongeza neno ambalo shirika halikulisema. Pande zote mbili zinajisifu kwa sayansi, na hakuna upande uliosoma hadi mwisho.

Mwaka 2020 jambo hilo lilivuka mpaka wa mchezo. Ilisemwa kwamba mtandao wa 5G ndio uliozaa ugonjwa wa korona, na nchini Uingereza watu walifikia hatua ya kuchoma minara moto. Uvumi ule ukavuka bahari. Sasa tufikiri kwa akili ya kawaida. Mgonjwa wa kwanza wa korona nchini Kongo alitangazwa tarehe 10 Machi 2020 mjini Kinshasa, wakati 5G ilikuwa haijafika kwetu. Matokeo hayawezi kutangulia kisababishi chake. Ili kulijua hilo mtu hakuhitaji maabara. Alihitaji kalenda, na swali moja la kuuliza kabla ya kusambaza ujumbe.

Twasikia wengine wakitujibu: «Mbona mnayachukulia mambo haya kwa uzito hivyo? Ni mazungumzo ya kupitisha wakati. Hakuna aliyekufa kwa mabishano ya betri.» Ni kweli, hakuna. Lakini mtu hana akili mbili, moja ya mchezo na nyingine ya siku ya msiba. Namna anavyozoea kuamini habari ndogo ndiyo namna atakayoamini habari kubwa. Aliyejizoeza kwa miaka kukubali kila sauti iliyonukuliwa bila jina na kila picha isiyo na tarehe, atalipata wapi swali la kuuliza siku ile maisha yanapokuwa mizanini?

Sisi Wakongo hatuhitaji kuikisia siku hiyo. Tumeiona. Tangu Agosti 2018 hadi Juni 2020, Ebola iliwaua watu zaidi ya 2,200 katika Kivu ya Kaskazini na Ituri. Katika miezi hiyo ilinong'onwa kwamba ugonjwa haupo, kwamba ni biashara, kwamba chanjo ndiyo sumu. Mwezi Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa katika juma moja. Tarehe 19 Aprili mwaka ule ule, Daktari Richard Mouzoko kutoka Kameruni, aliyekuja kusaidia, aliuawa kwa risasi katika hospitali ya Butembo.

Tusiwe wepesi wa kuwahukumu wenyeji. Walikuwa na sababu za kutoamini. Kwa miaka walikuwa wamezika watu waliochinjwa karibu na Beni, na hawakuona msaada mkubwa ukija kwa ajili ya wale. Kisha uchaguzi wa Desemba 2018 ukaahirishwa kwao kwa kutajwa Ebola, nchi nyingine ikapiga kura. Mashaka yao yalikuwa na mizizi. Lakini mashaka, hata yakiwa ya haki, hayatoi jibu. Mtu anaweza kuwa na haki ya kutomwamini anayemletea dawa, na hata hivyo akafa kwa kukosa dawa ile.

Na tazameni kilichokuwa kikitendeka wakati ule ule, katika miji ile ile. Kuanzia Novemba 2018, wagonjwa zaidi ya 600 walikubali kujaribiwa dawa nne za Ebola. Kila mmoja alipewa dawa yake kwa kura, ili upendeleo usiharibu hesabu. Mwezi Agosti 2019 hesabu ilisema wazi: dawa mbili zilishinda. Kwa waliopewa dawa zile nyingine mbili, karibu nusu walikufa. Kwa waliopewa hizo zilizoshinda, karibu theluthi moja. Moja kati ya zilizoshinda ilitokana na kinga iliyopatikana katika damu ya Mkongo aliyepona Ebola ya Kikwit ya mwaka 1995, kwa kazi ambayo Profesa Jean-Jacques Muyembe alishiriki. Basi, wale wanaosema kwamba sayansi ni mambo ya Wazungu, wawatazame wagonjwa wa Beni na Butembo. Walikuwa wanauguza miili yao wenyewe, na papo hapo wakawafundisha watu wote duniani ni dawa ipi inayoponya. Je, tungewaambia kwamba juu ya dawa hizo nne kila mtu ana maoni yake?

Kuna ngao ya pili inayoinuliwa, nayo ni methali yetu: lisemwalo lipo, kama halipo laja. «Makampuni yanatuficha mambo,» wanasema, «na wataalamu nao hukosea.» Hapo hatubishi. Makampuni huficha. Lakini tuangalie jinsi yaliyofichwa yanavyofichuliwa. Kwa miaka wenye simu za iPhone walinung'unika kwamba simu zao zinakuwa nzito kila zinapozeeka. Wengine waliwacheka, wengine waliwaunga mkono, na kila upande ukabaki na maoni yake. Kisha mwezi Desemba 2017 mwenye simu mmoja alieleza kwamba alibadilisha betri iliyochoka, akapima mwendo wa simu kabla na baada, akakuta tofauti kubwa. Mtaalamu mwingine akakusanya vipimo vya simu nyingi, navyo vikaonyesha jambo lile lile. Kabla mwezi haujaisha kampuni ya Apple ilikiri kwamba programu yake ilipunguza mwendo wa simu zenye betri zilizochoka. Ikaomba radhi, na bei ya kubadilisha betri ikashuka kutoka dola 79 hadi 29.

Manung'uniko ya miaka hayakuisogeza kampuni ile hata hatua moja, kipimo kiliisogeza. Basi mashaka ni mwanzo wa kazi, wala si mwisho wake. Anayesema «lisemwalo lipo» na asiende kulitafuta mahali lilipo, anawapa usingizi mtamu wale wale anaowashtaki.

Kwa hiyo hatuombi mabishano yakome. Vijana wabishane juu ya kamera, juu ya magari ya umeme, juu ya safari za mwezini. Ni afya ya akili. Tunaomba swali la «umejuaje?» lirudishiwe heshima yake. Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Sisi tumeligeuza swali hilo kuwa tusi, hata anayeulizwa hukasirika kana kwamba amevuliwa nguo hadharani.

Na hapa lawama yetu kubwa haiwaelekei wasiojua. Neno «kila mtu na maoni yake» mara nyingi halitoki kinywani mwa mjinga. Hutoka kinywani mwa mtu aliyesoma: mwalimu wa fizikia, mwuguzi, fundi wa simu, mwanafunzi wa chuo kikuu. Huyo anajua kwamba ujumbe uliotumwa asubuhi ni uongo, lakini aliyeutuma ni mjomba wake, au mwenye umri mkubwa, au mtu anayemdai fedha. Anapima, anaona kwamba amani ni nafuu kuliko ukweli, ananyamaza. Kundi zima linautazama ukimya wake na kuusoma kama kibali.

Ndugu mwalimu, ndugu mwuguzi, hatukuombi umwaibishe mzee wako mbele ya watu. Mpigie simu pembeni. Mwambie kwa adabu: «Mjomba, ule ujumbe wa jana nimeuangalia, tarehe hailingani, na hili ndilo nililolikuta.» Pengine atakasirika. Pengine juma lijalo, kabla ya kutuma mwingine, atakuuliza wewe kwanza. Juma lijalo ujumbe huo waweza kuwa juu ya betri tena. Na waweza pia kuwa juu ya chanjo ya mtoto wa dada yako.