Bei ya chuma cha mfupa ihesabiwe hadi kinapotoka

MOSHI: Mchuuzi wa ndizi anayeteremka kutoka Marangu kwa pikipiki, akaanguka na kuvunjika kifundo cha mguu, huunganishwa mfupa kwa sahani na skrubu za chuma cha pua au titani. Hesabu ya hospitali huishia hapo. Hesabu ya mchuuzi haiishii hapo.

Si kila chuma lazima kitolewe; wengi huishi nacho hadi uzeeni. Lakini kikichubua nyama, kikiingia wadudu, au mgonjwa akiwa mtoto ambaye mifupa yake bado inakua, mara nyingi hulazimu kurudi tena kwenye meza ya upasuaji. Hapo huja dawa ya usingizi kwa mara ya pili, kitanda, nauli, ndugu wa kumsindikiza na meza iliyofungwa pale soko la Kiboriloni. Tangu utaratibu wa kuchangia gharama uanze katika hospitali za serikali mwaka 1993, mwananchi anajua vizuri ni mfuko wa nani unaoumia.

Ndiyo maana bidhaa mpya inayoitwa aloi ya magnesiamu inastahili kuangaliwa kibiashara na si kisayansi tu. Skrubu ya namna hii hushika mfupa mpaka uunge, kisha huyeyuka taratibu mwilini. Magnesiamu si sumu kwa kiasi hicho: mwili wa mtu mzima una takriban gramu 25 za madini hayo, zaidi ya nusu zikiwa kwenye mifupa, na ndizi na maharage huleta mengine kila siku.

Wazo lenyewe ni la zamani. Mwaka 1906 mpasuaji Mbelgiji, Albin Lambotte, alifunga mguu uliovunjika kwa sahani ya magnesiamu na misumari ya chuma. Baada ya siku 8 sahani ilikuwa imelika na gesi imejaa chini ya ngozi. Metali mbili tofauti ndani ya majimaji ya chumvi zilifanya kazi kama betri. Gramu moja ya magnesiamu ikilika hutoa karibu lita moja ya gesi ya haidrojeni. Ikitoka polepole mwili huimudu, ikitoka kwa kasi huleta uvimbe.

Kwa hiyo kazi yote ya uboreshaji ni kupunguza kasi. Kwanza ni usafi: chembe za chuma zikizidi takriban asilimia 0.017, magnesiamu huoza haraka mno. Pili ni kuchanganya na zinki, kalsiamu au metali adimu kwa kiasi kidogo. Tatu ni kuipaka utando wa kuikinga miezi ya mwanzo. Matunda yameonekana: skrubu za Magnezix za Ujerumani zilipata kibali cha Ulaya mwaka 2013, Korea Kusini ikafuata mwaka 2015, na Marekani ikaruhusu skrubu za RemeOs za Finland mwaka 2023.

Hata hivyo, wanunuzi wasikurupuke. Bidhaa hizi hufaa mifupa midogo na vifundo. Paja la dereva wa bodaboda bado linahitaji msumari wa chuma, kwa sababu magnesiamu haina nguvu ya kubeba uzito huo. Aloi itakayobeba mfupa mrefu ndiyo itakayokuwa na soko kubwa huku Kilimanjaro, ambako majeruhi wa kanda nzima ya kaskazini hupelekwa KCMC, hospitali ya rufaa iliyofunguliwa mwaka 1971.

Wapo watakaosema mkoa una magnesaiti huko Chambogo, wilaya ya Same, hivyo utajiri uko mlangoni. Hiyo ni hesabu ya haraka. Jiwe hilo lina magnesiamu isiyofikia theluthi moja ya uzito wake, na zaidi ya nne kwa tano ya magnesiamu ya dunia huzalishwa China. Fedha haiko kwenye jiwe. Iko kwenye usafi, upimaji na vibali. Mkulima wa kahawa wa Kibosho analijua somo hilo: anayekaanga na kufungasha ndiye hupata zaidi.

Linalowezekana leo ni jambo dogo lakini la maana. Bohari ya Dawa na mifuko ya bima, hasa baada ya Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023, zilinganishe bei kwa kujumlisha upasuaji wa pili. Skrubu inayoonekana ghali inaweza kuwa nafuu kwa mtoto atakayelazimika kurudi, na ikawa hasara kwa mzee ambaye chuma chake kisingetolewa kamwe. Zabuni inayotazama bei ya siku ya kwanza tu humwachia mgonjwa deni la siku ya pili.