Kompyuta na saratani ya matiti: Marekani ililipa kwanza, ikapima baadaye

Mwaka 1998 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani (FDA) iliidhinisha programu ya kwanza ya kompyuta ya kuwasaidia madaktari wa mionzi kusoma picha za eksirei za matiti. Kazi yake ilikuwa kutia alama panapotiliwa shaka, ili daktari apaangalie tena kabla ya kuamua.

Wazo lilikuwa zuri, kwani daktari huchoka na mashine haichoki. Medicare, bima ya serikali kwa wazee, ikakubali kulipia huduma hiyo, na hospitali nyingi zikainunua.

Dosari zilianikwa mwaka 2007, jarida la New England Journal of Medicine lilipochapisha utafiti uliohusisha wanawake 222,135 katika vituo 43. Pale programu ilipotumika, kati ya kila wanawake 100 wasio na saratani, walioitwa tena kwa hofu ya bure waliongezeka kutoka takriban 10 hadi 13. Waliokatwa kinyama cha titi kwa uchunguzi waliongezeka kwa karibu asilimia 20. Saratani zilizogunduliwa hazikuongezeka kwa kiwango cha kuaminika.

Kwa maneno mengine, maelfu ya wanawake walisubiri majibu ya ugonjwa wasiokuwa nao. Utafiti mwingine wa mwaka 2015 nao haukuona faida, ilhali gharama ilikuwa zaidi ya dola milioni 400 kwa mwaka.

Sweden ilifuata njia nyingine. Huko kila picha ilikuwa ikisomwa na madaktari wawili. Kuanzia mwaka 2021, wanawake zaidi ya 80,000 waligawanywa kwa bahati nasibu: nusu yao picha zilisomwa kwa utaratibu wa kawaida, nusu nyingine kwa msaada wa akili bandia.

Matokeo ya awali, yaliyotolewa mwaka 2023, yalionyesha saratani 244 kwa kundi la kompyuta dhidi ya 203 kwa lile jingine. Walioitwa tena bure walikuwa asilimia 1.5 kila upande, na kazi ya kusoma picha ilipungua kwa asilimia 44.

Tofauti kubwa, pengine, ni kazi iliyopewa mashine. Haikutia alama tu, bali ilipima hatari ya kila picha kuanzia 1 hadi 10. Zilizopata 10 zilisomwa na madaktari wawili kama zamani. Nyingine zote zilisomwa na mmoja.